Mto Tana: Maji ya Mlimani na Watu wa Bondeni

Mto Tana ndio mrefu kupita mito yote ya Kenya. Urefu wake hukisiwa kuwa kilomita 1,000 hivi, na eneo ambalo mvua yake huteremkia mtoni humo lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 100,000. Chanzo chake ki katika baridi kali ya milimani, na mwisho wake u katika joto la pwani, penye mikoko na maji ya chumvi. Kati ya ncha hizo mbili hukaa watu wa makabila mengi. Wengi wao hawajapata kuonana, wala hawajui lugha za wenzao, lakini wote huteka maji ya mto mmoja. Mkulima wa juu akiacha shamba lake lichukuliwe na mvua, mkulima wa chini huyaona matope yake. Kwa hiyo yafaa kuufuata mto huu tangu mlimani hata baharini, ili ijulikane jinsi ulivyo na jinsi unavyowaunganisha watu hao.

Chemchemi za mto huu hutoka katika milima miwili. Mmoja ni Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga. Kilele chake cha juu kina urefu wa mita 5,199. Wa pili ni safu ya Nyandarua, ambayo Wazungu waliiita Aberdare, na kilele chake kirefu hufika mita 4,000. Kutoka Nyandarua hushuka Chania, Gura, Mathioya, Maragua na Thika. Kutoka Mlima Kenya huja Sagana, Rupingazi, Thiba, na mbele zaidi Mutonga na Kathita, pamoja na vijito vingine visivyohesabika kwa urahisi. Katika sehemu za juu Wakikuyu huuita mto huu Thagana, na jina hilo ndilo lililogeuzwa kuwa Sagana. Wapokomo wa chini huuita Tsana. Hivyo mto ni mmoja, bali majina yake ni mengi kama watu wanaounywa.

Watu wengi hudhani kwamba maji ya Tana ni barafu iliyoyeyuka. Ni kweli kwamba barafu ya Mlima Kenya huyeyuka na kuchangia kidogo, lakini barafu hiyo imepungua sana tangu mwanzo wa karne ya 20, na hata zamani haikuwa ndiyo chanzo kikubwa. Chanzo kikubwa ni mvua na msitu. Upepo utokao bahari ya Hindi huja na unyevu. Ukigonga milima hupanda, hupoa, na kumwaga mvua. Katika miteremko ya juu mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, hali Garissa, mji ulio kando ya mto huo huo, hupata kama milimita 300 tu. Mvua inyeshapo msituni, majani huivunja nguvu, na udongo mweusi wa chini ya miti huinywa polepole. Maji hayo hutoka tena katika chemchemi baada ya majuma na miezi. Ndiyo maana mto hutiririka hata wakati wa kiangazi. Msitu ukikatwa, maji hayangoji: hushuka siku ile ile yakiwa mekundu kwa udongo, na kiangazi kikija vijito hukauka.

Maporomoko ya kwanza ya kustaajabisha yako juu kabisa, katika hifadhi ya Nyandarua. Hapo Mto Karuru huanguka kwa hatua tatu, na jumla ya anguko lake ni mita 273. Ng'ambo ya bonde, Mto Gura nao hujitupa kutoka ukingo wa jabali. Asubuhi mara nyingi ukungu hulifunika bonde lote, na msafiri husikia ngurumo ya maji asiweze kuyaona. Ukungu ukipanda, huona uzi mweupe ukining'inia juu ya miti. Gura hushuka kwa kasi kubwa, na wakaaji wa Nyeri na Othaya wanajua kwamba si mto wa kuchezewa na watoto.

Upande wa kusini, mito ya Chania na Thika nayo ina maporomoko yake pale mjini Thika, na mito hiyo miwili hukutana chini yake. Msafiri aangalie asichanganye maporomoko hayo na yale maporomoko kumi na manne ya karibu na Ol Donyo Sabuk. Hayo ni ya Mto Athi, ambao hushika njia yake mwenyewe na kuingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Maji ya Thika huelekea Tana. Nayo yametumikishwa tangu zamani: katika miaka ya 1920 nguvu ya Mto Thika ilianza kutoa umeme pale Ndula, na tangu mwaka 1994 bwawa la Ndakaini, lililojengwa juu ya mto huo huo, limekuwa likiupa mji wa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake.

Kutoka msituni mito hupita katika nchi ya migongo na mabonde ya Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Embu. Hapa kila mteremko umelimwa. Juu kuna majani ya chai, chini yake kahawa, kisha mahindi, maharagwe na migomba. Ardhi ni ya rutuba lakini imesimama kama ukuta wa nyumba. Mkulima mwenye busara hukata matuta kufuata mlalo wa mlima, hupanda mabingobingo kwenye kingo ili yashike udongo na kulisha ng'ombe, na huacha ukanda wa majani kando ya kijito bila kuulima. Wazee wengine hawakuyapenda matuta zamani, kwa kuwa wakati wa serikali ya kikoloni yalichimbwa kwa kulazimishwa. Lakini kosa la aliyelazimisha halikuligeuza tuta kuwa baya. Tangu mwaka 2015 kuna mfuko maalumu wa maji ya Tana ya juu, ambao huwasaidia wakulima wadogo kuhifadhi udongo wao, maana watumiaji wa maji mjini wametambua kuwa bomba lao huanzia shambani mwa mtu.

Chini ya migongo hiyo nchi hufunguka ikawa uwanda wa Mwea. Maji ya mito ya Thiba na Nyamindi huongozwa kwa mifereji kwenye majaruba ya mpunga, kazi iliyoanza katika miaka ya 1950. Mwaka 2022 bwawa la Thiba lilikamilika ili wakulima wasigombee zamu ya maji wakati wa ukame. Hapo msafiri huuacha ubichi wa milimani. Mbele yake ni nchi kavu ya Mbeere na Ukambani, yenye miiba, mawe na mbuzi, na mto hupita katikati kama mgeni aliyetoka nchi nyingine.

Katika nchi hiyo, mahali paitwapo Seven Forks, mto ulikuwa ukishuka kwa kishindo kati ya majabali. Sasa nguvu hiyo imefungwa. Mabwawa matano yamejengwa yakifuatana kama ngazi: la juu kabisa ni Masinga, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma, na la chini Kiambere. Kindaruma ndilo lililotangulia, mwaka 1968. Kamburu lilifuata mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Mitambo ya Kamburu na Gitaru imewekwa chini ya ardhi, ndani ya mwamba. Gitaru, yenye uwezo wa megawati 225, ndiyo kubwa kupita mitambo yote ya umeme wa maji nchini. Masinga ndiyo ghala: ilijengwa iweze kuweka maji ya mita za ujazo milioni 1,560, ili wakati wa kiangazi mabwawa ya chini yasikose kazi.

Lakini ghala lina adui. Maji ya mto yanapoingia katika bwawa hutulia, na yakitulia huuacha udongo yaliouchukua. Udongo huo hukaa chini mwaka baada ya mwaka na kula nafasi ya maji. Kila karai la udongo linalopotea katika shamba la mteremkoni hupotea mara mbili: mara ya kwanza kwa mkulima, na mara ya pili kwa bwawa. Hakuna mashine iwezayo kuurudisha udongo huo mlimani.

Baada ya Kiambere mto hupinda kuelekea kaskazini na mashariki, ukiuzunguka kwa mbali Mlima Kenya uliouzaa. Hupita Tharaka, penye maporomoko makubwa yaitwayo Grand Falls, ambapo kwa miaka mingi pamekuwa na mpango wa kujenga bwawa jingine. Hupokea Mutonga na Kathita, kisha hutenganisha mbuga za wanyama za Meru na Kora. Hapo karibu na ikweta pana maporomoko ya Adamson, yaitwayo kwa jina la George Adamson, aliyelea simba huko Kora. Maji yamekwangua mwamba kwa karne nyingi hata yakauchonga kama mitungi na vyungu, laini kama jiwe la kusagia. Hayo ni kati ya maporomoko ya mwisho. Mwaka 1891 Kapteni Dundas, Mwingereza, aliupanda mto kutoka pwani kwa meli ndogo ya moshi iliyoitwa Kenia, lakini alipofika Hameye, chini ya majabali hayo, meli haikuweza kuendelea. Kutoka hapo hata baharini hakuna jabali la kuuzuia mto, wala la kuushika.

Msafiri afikapo Garissa yuko mita 150 tu hivi juu ya bahari, na bado mto una mamia ya kilomita za kwenda. Nchi ni tambarare kama mkeka. Mto uliokuwa ukipiga mbio sasa hujikokota, hupinda kushoto na kulia, na huanza kutua mzigo wake. Udongo mwingi hutuliwa kandokando, kwa hiyo kingo huinuka. Udongo mwingine hubaki ndani, na kitanda cha mto nacho huinuka. Baada ya miaka mingi mto huwa unapita juu ya tuta lake wenyewe, na nchi ya pembeni iko chini kuliko kingo. Siku maji yanapozidi na kuvuka ukingo, hayana njia ya kurudi. Huenea mbali, hujaza mabonde na maziwa, na hukaa majuma mengi.

Jambo la ajabu kwa mgeni ni kwamba mafuriko hayo huweza kuja chini ya jua kali. Mtu wa Garissa au Hola hatazami juu ya kichwa chake apate kujua kama hatari yaja; hutazama rangi ya mto. Mvua za masika na za vuli zikinyesha Nyandarua na Kirinyaga, maji huchukua siku kadhaa kufika. Asubuhi moja mto huamka umenona, mwekundu, umebeba magogo na migomba ya watu wa mbali.

Wapokomo, ambao ni wakulima na wavuvi wa kingo hizo, hawakuyahesabu mafuriko kuwa maadui tangu zamani. Udongo ulioletwa na maji ulikuwa ndio mbolea yao. Maji yalipojaa mabondeni walipanda mpunga. Yalipopungua walipanda mahindi katika unyevu uliobaki, na juu ya kingo walikuwa na miembe na migomba. Katika maziwa yaliyoachwa na mto walivua samaki. Nao Waorma, ambao ni wafugaji, walisubiri kiangazi, kisha wakateremsha ng'ombe wao katika majani ya bondeni, wakipitia njia za kufikia maji ziitwazo malka. Mto uliposhindwa kufurika, wote wawili waliona njaa. Hata msitu wa kando ya mto huishi kwa mafuriko, na pamoja nao mbega wekundu na kima wa Tana, ambao hawapatikani penginepo duniani. Na sauti ya watu hao wa mtoni imeenea Kenya nzima, maana wimbo wa taifa wa mwaka 1963 ulitungwa kwa kufuata tuni ya Wapokomo ya kubembeleza mtoto.

Lakini yako mafuriko ya kulisha na mafuriko ya kuangamiza. Mwishoni mwa mwaka 1961, baada ya ukame mkali, mvua ilinyesha kupita kiasi, na Tana ikameza vijiji na barabara, hata ndege zikatumiwa kuwapelekea chakula watu waliozingirwa na maji. Mwaka 1997 na mwanzo wa 1998 ilikuja mvua ya El Nino na kuyarudia hayo. Mwaka 2018 maelfu ya watu walikimbilia kambi za mahema. Mwezi wa Aprili 2024 barabara ya Garissa ilikatika, na mashua iliyokuwa ikiwavusha watu mahali palipofurika karibu na Madogo ilizama, wengine wakafa. Katika miaka hii ya karibuni bwawa la Masinga limejaa mara kadhaa na kumwaga maji, na watu wa chini huambiwa wahame.

Hapo ndipo lilipo shauri gumu. Tangu mabwawa yajengwe, mafuriko ya kadiri, yale ya kulisha, yamepungua, kwa sababu maji huwekwa ghalani. Mpunga wa bondeni hukosa maji, maziwa hukauka, na karibu na bahari maji ya chumvi hupanda mtoni. Lakini mafuriko makubwa hayajakoma, maana ghala likijaa haliwezi kuzuia tena. Hivyo mkulima wa bondeni huweza kukosa faida ya mto katika miaka mingi, na bado akapata hasara yake katika mwaka mmoja. Haifai kusema kwamba mabwawa yangaliachwa bila kujengwa, kwani taa za miji na viwanda hutokana nayo. Lakini ni haki kudai kwamba yafunguliwapo, mtu wa chini apewe habari mapema na kwa lugha aijuayo, na kwamba wapimao maji wasisahau kuhesabu shamba lake pamoja na mitambo yao.

Zaidi ya hayo mto huhama. Huko Hola, jina linalokumbukwa pia kwa wafungwa 11 waliopigwa hata kufa mwezi wa Machi 1959, palikuwa na mashamba makubwa ya kumwagiliwa maji kwa mashine. Mwaka 1989 mto uliacha njia yake, ukaenda mbali na mashine, na mashamba yakafa kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Watu walibaki na mifereji isiyo na maji, na mto wakiujua uliko. Katika delta, karne ya 19, watu walichimba mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ivuke kutoka Tana hata Mto Ozi. Tana iliuona mlango huo, ikaupanua, na maji yake yakafuata njia hiyo hata Kipini. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba maji hufuata mkondo; kinachosahauliwa ni kuwa mkondo wenyewe huweza kuanzishwa kwa jembe la mtu.

Delta hiyo ni nchi ya mabwawa madogo, mitende, mikoko na ndege wasio na hesabu, na mwaka 2012 iliandikwa kati ya ardhi zenye maji zinazotambuliwa na mataifa yote kwa mapatano ya Ramsar. Mwaka huo huo, kwa huzuni, Wapokomo na Waorma walipigana katika delta hiyo hiyo, na zaidi ya watu mia moja waliuawa kabla ya vita kutulia mwaka uliofuata. Siasa ilikuwamo, lakini ugomvi wa malisho, mashamba na njia za kufikia maji ulikuwa umetangulia. Mahali maji yanapopungua, jirani huanza kuonekana kuwa mwizi.

Mwishowe mto huingia ghuba ya Ungwana. Baharini rangi yake huonekana mbali, ukanda mwekundu katika maji ya kijani. Wavuvi wa Kipini huupenda ukanda huo, kwa kuwa kamba hunenepa penye maji ya mto. Lakini wekundu ule si rangi ya mto. Ni udongo wa shamba fulani la Murang'a au Embu au Tharaka, uliosafiri njia yote hii, nao hautarudi.

Basi mwenye shamba mteremkoni, akishika jembe lake kukata tuta au akipanda mti kando ya kijito, asifikiri kwamba afanya kazi ya nyumba yake peke yake. Anamwekea akiba mtu wa Garsen asiyemjua. Na mtu wa Garsen, akiuliza habari za mvua ya milimani, aulizia jirani yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa Mto Tana uko juu, mahali maji yake yangali membamba kiasi cha mtoto kuyaruka.